Maswali ya wasomaji: Kabati la minikompyuta kongwe

SWALI: Nimepata PDP-11/34, minikompyuta ya kampuni ya DEC, isiyo na kabati. Je, kabati la kisasa la seva litaifaa, au ni lazima nisake H960, kabati la zamani la DEC?

JIBU: Litafaa, ila pima kabla ya kununua. Upana haujabadilika tangu enzi hizo. Paneli ya mbele ni inchi 19, yaani milimita 482.6, na matobo ya kushoto na ya kulia yameachana milimita 465.1 kutoka kati hadi kati. Kimo nacho bado kinahesabiwa kwa vipande vya inchi 1.75 (milimita 44.45), vinavyoitwa U. PDP-11/34, iliyotoka mwaka 1976, ilikuja katika maboksi ya vimo viwili: la inchi 5.25 linachukua U 3, la inchi 10.5 linachukua U 6.

Penye mtego ni ubavuni. Boksi lina upana wa takriban inchi 17, na kila reli ya kuteleza inaweza kula inchi 3/8. Jumlisha milimita 431.8 na 9.5 mara mbili: unapata 450.8, na uwazi kati ya nguzo za mbele ni 450 na ushei. Hakuna nafasi ya bure. Makabati mengi ya seva yana pindo la bati au vishikio vya nyaya vinavyochungulia ndani ya uwazi huo. Kikitokeza milimita 2 tu, reli itakwama, na ukiisukuma kwa nguvu itapinda. Pima juu, katikati na chini, kwa kuwa nguzo huweza kuwa zimejipinda. Reli hizo hushikwa mbele na nyuma, kwa hiyo fremu ya nguzo mbili usiifikirie kabisa. Tafuta kabati lenye nguzo za nyuma zinazosogezwa.

Kosa jingine ni kuhesabu U kutoka tobo lisilostahili. Matobo hupangwa kwa nafasi za milimita 15.9, 15.9, kisha 12.7, halafu mpangilio unajirudia. Mpaka wa U uko katikati ya ile nafasi fupi ya 12.7. Ukianzia kwingine, paneli ya boksi la pili haitaingia, nawe utadhani imekatwa vibaya.

SWALI: Skrubu za M5 zinaingia mizunguko miwili katika nati za kabati langu la DEC, kisha zinagoma. Nizitie mafuta?

JIBU: Usizitie kitu, zitoe. Nati hizo ni za 10-32, skrubu ya Kimarekani yenye meno 32 kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 4.83 na hatua ya jino (umbali kutoka jino hadi jino) ni 0.794. M5 ina kipenyo cha 5.0 na hatua ya 0.8. Meno yanakaribia kulingana, ndiyo maana inaanza vizuri, lakini unene umezidi na inakata chuma. Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa sababu hakijionyeshi: skrubu ya 10-32 ndani ya nati ya M5 inaingia laini na kuonekana imeshika, kumbe imeng'ata ncha za meno tu. Siku ukivuta diski ya kilo 50, inachomoka.

Kuzitambua, chukua kalipa. Ikisoma karibu 4.8 na ukahesabu meno 12 au 13 katika milimita 10, ni 10-32. Ikisoma karibu 5.5 na meno 9 na kidogo, ni 12-24, ambayo nayo hutumika sana katika makabati ya Marekani. M6 ina meno 10 kamili. Katika H960 matobo ya nguzo hayana meno. Nati za bati huchomekwa pembeni mwa nguzo, na zilizoharibika hubadilishwa bila shida. Usipanue tobo kwa keekee.

SWALI: Diski yangu ya RK05 iko juu, na chini kuna nafasi tupu. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, tena mkubwa. RK05 ina uzito wa takriban kilo 50. Ukiivuta yote nje, kitovu cha uzito wake kinakuwa kama sentimita 30 mbele ya kabati. Nguvu ya kulipindua ni kilo mara mita: 50 mara 0.3 ni 15. Chukua fremu nyepesi ya kisasa ya kilo 40, ambayo kitovu chake kiko sentimita 35 nyuma ya ukingo wa mbele. Nguvu ya kulishikilia ni 40 mara 0.35, yaani 14 tu. Kabati linaanguka, na wewe umesimama mbele yake.

Vitu vizito viende chini, na jaza kabati kuanzia chini. Prosesa na paneli yake ya swichi vikae usawa wa mikono. Kabla ya kuvuta chochote, toa miguu ya mbele ya kuzuia kuanguka na uishushe hadi iguse sakafu. Fremu isiyo na miguu hiyo ifungwe sakafuni au ukutani kwa bolti. Magurudumu yasibebe mzigo wakati mashine inakaa: shusha miguu ya kusawazisha, kisha hakikisha kwa pima-maji. Vuta kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na usikie reli ikijifunga kwa mlio kabla ya kuachia mkono.

SWALI: Nimewasha ufunguo wa mashine lakini kidhibiti cha umeme cha 861 hakitoi umeme kwa vifaa vingine.

JIBU: Weka swichi yake kwenye LOCAL. Soketi zikipata umeme, kidhibiti ni kizima na tatizo liko kwenye waya wa amri. Waya huo una pini 3: ya 1 ni ombi la kuwasha, ya 2 ni kuzima kwa dharura, ya 3 ni marejeo (njia ya umeme kurudi). Swichi ikiwa kwenye REMOTE, kuunganisha 1 na 3 kunawasha. Ila 2 ikigusana na 3, hakiwaki hata kama 1 na 3 zimeunganishwa. Chomoa plagi ya ukutani, kisha pima omu kati ya 2 na 3. Ukikuta zimeungana, tenganisha kifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Mara nyingi ni swichi ya joto iliyoganda.

SWALI: Sponji ya chujio la hewa imegeuka ugali mweusi unaonata.

JIBU: Ndiyo kawaida ya sponji ya poliyurethani, unyevu huivunja. Usiwashe feni wala diski kabla ya kuiondoa yote, kwani chembe moja ikifika kwenye sahani ya diski, kichwa cha kusomea kinaikwaruza. Ikwangue kwa kijiti cha plastiki, malizia kwa kitambaa chenye isopropanoli, lakini usiguse maandishi ya paneli ya mbele kwa sababu yanaweza kufutika. Weka sponji mpya ya matundu wazi, 20 hadi 30 kwa inchi. Ya matundu madogo zaidi itaziba hewa.