Mchezaji wa hoki akistaafu na kupewa maikrofoni: ninayoyasikia kutoka upande wa nyaya

Wakuu, salamu. Mdau ameuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini televisheni za Marekani na Kanada zinawapa maikrofoni wastaafu wa hoki ya barafuni wakati kuna watu waliosomea utangazaji. Pili, mdogo wake anayecheza magongo klabuni Nairobi anaitamani njia hiyo, je, inawezekana? Wengi hapo juu wamejibu kwamba ni jina na kujuana tu. Mimi sikubaliani.

Naishi Ontario, Kanada. Msimu wa baridi ukianza huwa nafanya kibarua cha jioni kwenye matangazo ya ligi ya vijana: navuta nyaya, nafunga maikrofoni, namsaidia fundi sauti. Faida ya kazi hii ni kwamba hedifoni zangu zinanipa yanayokwenda hewani pamoja na yale ambayo prodyuza anawanong'oneza watangazaji masikioni. Ukisikiliza pande zote mbili msimu mzima, hutasema tena kwamba ni kazi ya kupewa.

Tutenganishe viti viwili vya kibanda cha watangazaji. Wa kwanza ni mtangazaji, anayeifuata paki (kile kidude cheusi cha raba) na kutaja nani anayo, nani kanyang'anywa, nani kafunga. Huyu mara nyingi ni mtu wa fani. Mike Emrick, waliyemwita Doc, alitangaza fainali nyingi za NHL (ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada) kupitia televisheni ya NBC hadi alipostaafu 2020, na hakuwahi kucheza ligi hiyo. Pembeni yake alikaa Eddie Olczyk, mchambuzi, mwenye mechi 1,031 za NHL miguuni. Kiti hicho cha pili ndicho cha wastaafu, na anayekikalia anatakiwa atueleze kwa nini.

Swali hilo la kwa nini ni gumu kuliko linavyoonekana sebuleni. Hoki ni vipindi vitatu vya dakika 20. Kila timu ina watu watano na kipa barafuni, na hao watano wanakaa sekunde 40 au 50 hivi kisha wanapishana na wenzao, mara nyingi mchezo ukiendelea. Paki ina uzito wa gramu 170 hivi, na ikipigwa na mtu mwenye mkono mzito inazidi kilomita 150 kwa saa. Refa akipuliza filimbi, mchambuzi anabakiwa na sekunde chache za kuzungumza juu ya picha za marudio kabla paki haijaangushwa tena kuanzisha mchezo. Katika sekunde hizo anatakiwa aseme kitu ambacho macho yangu yameshindwa kukiona. Akirudia tu kwamba "bao zuri sana", amepoteza nafasi.

Chukulia bao la kipindi cha pili. Mtazamaji anaona beki amepitwa kirahisi, anamlaumu. Aliyecheza anajua kwamba kipindi cha pili timu hubadilishana magoli lakini benchi hazihami, kwa hiyo mabeki wako mbali na benchi lao. Wakibanwa nyuma hawawezi kutoka kupumzika. Wakiibutua paki mpaka mwisho wa upande wa pili bila kuguswa, mchezo unasimamishwa, unarudishwa kwao, na tangu 2005 sheria ya NHL inawanyima ruhusa ya kubadilisha wachezaji. Yule beki aliyepitwa huenda amekaa barafuni dakika nzima na nusu, mapaja yanawaka moto. Mchambuzi mzuri ameanza kumtazama kabla ya bao, na bao likiingia anakuonyesha pale alipojaribu kutoka akashindwa. Hilo hulipati kwenye chuo cha uandishi wa habari. Unalipata kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyebanwa kule nyuma.

Lakini kujua peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wastaafu wengi wanapokwama. Nilikuwepo usiku wa kwanza wa mmoja wao, simtaji. Alicheza miaka mingi na mchezo anaujua kama sala zake. Dakika kumi za mwanzo alikuwa anaongea juu ya marudio hadi paki inaangushwa, bado anaongea, mtangazaji hana pa kuingilia. Prodyuza akamwambia sikioni, "Acha sasa." Akanyamaza katikati ya sentensi, na kimya kikaenda hewani. Halafu akawa anasema "sisi" kila akitaja timu yake ya zamani, na wale wengine ni "wao". Wakati wa mapumziko prodyuza hakumgombeza. Alimpa kipimo kimoja: sentensi mbili kwa kila marudio, na ya kwanza ianze na jina la mchezaji. Kipindi cha tatu alikuwa mtu mwingine. Leo ni katika wachambuzi ninaowapenda sana kwenye ligi yetu, kwa sababu alikubali kuwa mwanafunzi tena akiwa mtu mzima mwenye jina.

Olczyk namheshimu kwa sababu nyingine. Ni mtoto wa Chicago, alichaguliwa wa tatu kwenye mgao wa wachezaji chipukizi na timu ya nyumbani kwao, Blackhawks, mwaka 1984, akafunga mabao 342 katika maisha yake ya NHL. Alipoacha kucheza mwaka 2000 akaingia kutangaza mechi za Pittsburgh Penguins. Mwaka 2003 klabu ikamtoa kibandani ikamfanya kocha mkuu. Msimu wake wa kwanza walishika mkia wa ligi nzima, na Desemba 2005, nyota wao Sidney Crosby akiwa ndio kwanza ameanza kucheza, Olczyk akafukuzwa. Akarudi kwenye maikrofoni, na baadaye sauti yake ikawa ya taifa zima. Msikilize anavyomzungumzia kocha aliyekaliwa kooni. Hamwonei, lakini hamfichi pia. Anakuambia kocha alikuwa na chaguo gani na kwa nini alichukua lile lililomponza. Agosti 2017 aligundulika ana saratani ya utumbo mpana ya hatua ya tatu, akawa anatangaza katikati ya matibabu ya kemo kila mwili uliporuhusu, na Machi 2018 akatangaza kwamba amepona. Mtu mwenye pesa na heshima hawezi kufanya hivyo kama kazi yenyewe ni ya kukaa na kupiga porojo.

Ray Ferraro ni wa aina nyingine. Mechi 1,258, mabao 408, kimo cha kawaida kabisa kwenye mchezo wa majitu. Yeye mara nyingi hakai juu kibandani, anasimama chini katikati ya mabenchi mawili, kwenye kijinafasi chembamba. Pale unasikia makocha wanavyobishana na marefa, unamwona mchezaji anavyoinama akikosa pumzi. Hasara yake ni kwamba uwanja unauona kwa ubavu, na paki inaweza kukujia usoni. Anachonifurahisha Ferraro ni ujasiri: beki akizembea anasema amezembea, kwa jina, huku beki huyo amekaa hatua chache tu kutoka kwake. Jaribu kufanya hivyo kwa watu unaokutana nao korido kila wiki. Wastaafu wengi wanawalinda wenzao, na mtazamaji anaihisi haraka ile sukari, hata kama hajui hoki.

Kwetu sisi wa huku, Kevin Weekes ana nafasi yake peke yake. Alizaliwa Toronto, wazazi wake wametoka Barbados. Alidaka mechi 348 akiwa na timu saba, na alikuwemo Carolina Hurricanes walipofika fainali ya Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 2002. Mwaka 2009 aliacha kucheza, na mwaka huohuo akaingia Hockey Night in Canada, kipindi kinachokusanya familia za Kanada kila Jumamosi usiku. Akawa mchambuzi wa kwanza mweusi wa NHL kwenye televisheni ya taifa. Wanangu wamekulia hapa, na walipomwona pale, suti imemkaa, anachora mistari kwenye skrini na kufafanua kosa la kipa, waliacha kuniuliza kama mchezo ule una watu kama sisi. Makipa wana faida yao: miaka yote wametazama mchezo ukiwajia, kwa hiyo wanasoma pasi ya pili na ya tatu kabla haijapigwa. Weekes ameongeza na uandishi wa habari: habari za uhamisho anazitoa mwenyewe kwa video ya simu, popote alipo. Anson Carter naye ametoka Toronto, wazazi ni wa Barbados vilevile, na bao lake la muda wa nyongeza ndilo lililoipa Kanada ubingwa wa dunia 2003. Leo ni mchambuzi wa TNT, televisheni ya Marekani.

Sasa kuhusu mdogo wako. Magongo ya nyasi na hoki ya barafuni ni michezo tofauti, lakini ufundi wa mchambuzi ni mmoja. Nairobi ina uwanja wa City Park, kuna mechi za ligi, na kwa upande wa barafu kuna timu ya Ice Lions waliokulia kwenye kile kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari. Asingoje kustaafu. Achukue simu, aende mechi ambayo timu yake haichezi, arekodi sauti yake kwa kipindi kimoja. Akisikiliza marudio ya sauti hiyo, ahesabu mara ngapi amesema kilichotokea na mara ngapi ameeleza kwa nini. Amwombe rafiki awe mtangazaji, wajifunze kupishana bila kukanyagana. Ajifunze majina na sura za timu zote mbili kabla ya mechi, hata za wale wa akiba, maana hakuna kinachoua imani ya msikilizaji kama kumpa mchezaji jina la mwenzake. Na aseme ukweli kuhusu klabu yake mwenyewe mapema, azoee kununiwa.

Chuo kisimpe hofu. Akipata nafasi ya kusoma, asome, itamsaidia lugha na sheria za utangazaji. Ila hao wastaafu niliowataja walijifunzia kazini, wakiwa na prodyuza mkali sikioni.

Akirekodi hicho kipindi kimoja, mwambie akiweke humu kwenye uzi. Ijumaa sina kibarua, nitamsikiliza mwanzo hadi mwisho na kumwandikia dakika kwa dakika.