Atomi baridi na maji ya mtungi

Swali: Assalamu alaykum, daktari. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya fizikia. Kwetu ni Lamu. Nataka kuwa mtafiti wa atomi zinazopozwa kwa leza. Ni safari ya miaka mingapi? Na hisabati yangu ya B itatosha?

Jibu: Wa alaykumu salaam. Nianze na miaka, maana najua nyumbani wanakuuliza. Uzamili ni miwili hivi, uzamivu minne hadi sita, kisha mikataba ya utafiti ya miaka miwili-mitatu kabla ya kazi ya kudumu. Wengi hawaipati, huishia kwenye kampuni za leza au za saa za atomi, zile zinazopima muda kwa usahihi mkubwa, wala si hasara. Uzamivu Ulaya mara nyingi una mshahara, kwa hiyo usikimbilie kujilipia.

B inatosha ukiendelea kuinoa. Mimi nakuuliza jingine: umewahi kushika spana?

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu sikupoza hata atomi moja. Nilikuwa nikisaka tundu. Atomi hizi hukaa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Ikipenya kidogo tu, huzigonga na kuzitawanya. Nilipuliza heliamu, gesi nyepesi inayopenya tundu dogo kabisa, kwenye kila kiungo huku jicho liko kwenye kipimo kinachoinusa ndani ya chombo, mpaka usiku mmoja kikaruka. Gasketi ya shaba, ile pete ya kuziba kiungo, ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Babu yangu, aliyekuwa akitia kalafati majahazi Matondoni, angeupapasa kwa kidole akaujua.

Nadharia yenyewe umeinywa tangu utotoni. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu chembe zenye joto zaidi hutoka kwenye vinyweleo vya udongo, zikavukia na kuondoka na joto lao. Leza nazo hupoza atomi, lakini hufika mahali zikakwama. Hapo huachiwa zile zenye joto zitoroke, zilizobaki zikapoa. Ndivyo Eric Cornell na Carl Wieman walivyofanya Boulder, Marekani, mwaka 1995, wakaifikisha metali ya rubidiamu kwenye joto lisilofika hata sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, nyuzi −273.15 za Selsiasi. Tuzo ya Nobeli waliipata 2001, pamoja na Wolfgang Ketterle.

Kwa sasa, mradi wako wa mwaka wa nne uwe wa maabara, wa leza au elektroniki. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ukihitimu, omba diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoko Trieste, Italia, inayofadhili vijana wa nchi kama yetu. Stellenbosch, Afrika Kusini, nako kuna taasisi ya utafiti wa leza. Na ukimwandikia profesa, usimwambie unavyopenda nyota. Mweleze kitu ulichokifungua kikakushinda, ukakirudia mpaka kikafanya kazi, hata kama ni redio ya mama.