Mjamzito mwenye kifafa: dawa usizitupe, ila daktari umwone kesho

Mdogo wangu, umesema unatumia sodiamu valproeti, mimba ina wiki 6, na mama mkwe anataka utupe vidonge vyote leo. Nakusihi usivitupe. Ila usikae navyo kimya pia. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wako wa kifafa na boksi la dawa mkononi, usingoje tarehe ya kliniki.

Mimi naanguka tangu nina miaka 13. Mimba ya kwanza niliacha dawa kwa siri, kwa sababu shangazi aliniambia nitazaa mlemavu. Siku ya tisa nikaanguka jikoni. Nilipozinduka jirani alikuwa amenishika kichwa, ugali umeungua sufuriani, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelalia jiko la mkaa. Mwanangu alinusurika. Kovu ninalo mpaka leo, kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua mama na mtoto.

Hata hivyo, hofu ya shangazi haikuwa ya bure. Katika kila watoto 10 ambao mama zao walitumia valproeti wakiwa wajawazito, takriban 1 huzaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwemo, na 3 hadi 4 hupata shida za kukua kiakili: kuchelewa kuongea, kuchelewa kutembea, kushindwa masomo. Dozi ikiwa kubwa, hatari nayo huongezeka. Inaniuma kwamba nilimeza dawa hiyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina mpango wa kuzaa.

Mimba ya pili nilijipanga. Daktari alinihamishia lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, kabla sijashika mimba, akiishusha ile na kuipandisha hii kidogo kidogo, maana ukiiharakisha huleta vipele vya hatari. Ilichukua miezi. Mimba ilipokua dozi iliongezwa mara mbili, kwa kuwa mwili wa mjamzito huiondoa dawa hiyo haraka, kisha ikapunguzwa baada ya kujifungua. Nilinyonyesha bila tatizo.

Foliki asidi, vitamini inayosaidia mgongo wa mtoto ufunge vizuri, nilipewa ya miligramu 5. Vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vina 0.4 tu, kwa hiyo uliza. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga, ndiyo maana huanzwa mapema. Wewe umeshafika hapo, basi omba na ultrasaundi ya kuangalia mgongo wiki ya 18 hadi 22.

Jambo jingine: kliniki waambie una kifafa cha siku zote, na waandike kwenye kadi. Mimi niliwahi kudhaniwa nina kifafa cha mimba, kile cha presha, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Mama mkwe nenda naye, amsikie daktari mwenyewe. Ukirudi tuambie amekupa nini na kwa dozi gani.