Ukienda Conques, Anzia Darajani

Kila anayeniuliza kijiji cha kutembelea Ufaransa humtajia Conques, kule Aveyron, kisha namwonya: usikimbilie kanisani. Shuka kwanza mpaka darajani, mto Dourdou, halafu uipande njia ya Rue Charlemagne kwa miguu. Vaa viatu vyenye meno, maana mawe yake yakilowa yanateleza kama sabuni.

Ukihema njiani, geuka uangalie. Nyumba zimeng'ang'ania ubavu wa mlima unaoelekea kusini ili zipate jua, na chini ni bonde jembamba la kijito Ouche. Tambarare ya kulima iko wapi? Haipo. Basi kanisa kubwa vile lilijengwa kwa fedha gani?

Kwa wizi, tuseme ukweli. Watawa wa hapa walihitaji masalia ya mtakatifu wa kuvuta mahujaji. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alihamia mji wa Agen, akakaa na wenyeji miaka mingi hadi wakamwamini, kisha mnamo mwaka 866 akatoroka na masalia ya Mtakatifu Foy, binti aliyeifia imani. Mahujaji waliotoka mji wa Le Puy kwenda Santiago de Compostela, kule Hispania, wakawa wanapitia hapa, na sadaka zikamiminika. Kanisa tunaloliona ni la karne ya 11 na 12.

Mlango wake unatazama magharibi, kwa hiyo nenda jioni, jua likiupiga. Juu yake imechongwa Hukumu ya Mwisho, watu 124. Wengi hupiga picha ya Kristo wakaondoka. Wewe mtafute bahili aliyetundikwa na mfuko wake wa fedha shingoni, kisha inua macho pembeni kwenye tao: kuna vijitu vinachungulia, vidole vimeshika ukingo, utadhani majirani wanafuatilia ugomvi wa nyumba ya pili.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wanakijiji waligawana hazina ya kanisa wakaificha, ndiyo maana sanamu ya dhahabu ya Foy ipo hadi leo. Jengo lenyewe lilikuwa limechakaa vibaya Prosper Mérimée, mwandishi na mkaguzi wa majengo ya kihistoria, alipofika mwaka 1837 na kulipigania likarabatiwe.

Madirisha 104 ya kanisa ni kazi ya mchoraji Pierre Soulages, yalizinduliwa 1994: vioo vyeupe visivyo na picha hata moja. Wapo wanaoyaona makavu. Mimi nayapenda, ila ukitaka kuyafaidi lala hapo hapo kijijini, uingie asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika.