Modeli ya makazi ya nyoka inapochanganya mikorosho na msitu

Swali: Mimi ni ofisa misitu mkoani Lindi. Nina kumbukumbu 19 za Bitis gabonica, yule kifutu mkubwa wa msituni, kutoka Rondo na uwanda wa Makonde. Tano ni vielelezo vya zamani vya makumbusho vilivyoandikwa "Newala" tu. Nimeziingiza kwenye Maxent, programu inayotabiri makazi ya spishi kutokana na mahali ilipoonekana, pamoja na tabaka 19 za hali ya hewa na tabaka la ukijani la mwezi Septemba, kwa Tanzania nzima. AUC, kipimo cha modeli kutenganisha makazi na mahali pengine (1 ndiyo kamili), ni 0.94, lakini kwenye ramani mashamba ya korosho yamekuwa mekundu, yaani yanamfaa nyoka, sawa na msitu wa Rondo. Nianze kumtafuta wapi?

Jibu: Ndugu, usiingie msituni na ramani hiyo bado. Kosa kubwa liko kwenye ukijani. Mkorosho haupukutishi majani kiangazi, ilhali vichaka vingi vya pwani hupukutisha. Septemba setilaiti huona shamba la korosho kuwa kijani kuliko kichaka cha asili, na modeli ikajifunza kufuata kijani badala ya msitu.

Badilisha tabaka hilo kwa ramani ya matumizi ya ardhi uliyoichora kwa picha za setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10, za misimu miwili: mwishoni mwa masika mawingu yakipungua, na tena kiangazi. Mikorosho iwe kundi lake peke yake. Kwenye picha zenye uang'avu mkubwa utaitambua kwa mistari na vilele vya mviringo. Itakayokusumbua ni mikorosho mizee iliyoachwa ikamea vichaka chini. Hiyo ihakiki kwa miguu. Kisha, kwa kila pikseli ya kilomita 1, kokotoa asilimia ya msitu ndani yake.

Vielelezo vitano vya "Newala" viondoe. Aliyevipa majiranukta (namba za mahali kwenye ramani) huenda aliweka katikati ya mji, na kosa la kilomita 10 halivumiliki hapa. Angalia pia nukta zilizosomwa kwenye ramani za karatasi za zamani: nyingi ni za Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, na ukizichukulia kuwa WGS84, mfumo wa GPS, zinasogea takribani mita 300, zinatosha kuvuka ukingo wa msitu mdogo. Kanda ya gridi ya ramani ni UTM 37 Kusini. Ukichagua Kaskazini, nukta ya Lindi itaangukia Aktiki.

Sasa unabaki na nukta 14. Zilizo ndani ya pikseli moja ziache moja tu. Chini ya nukta 15, Maxent kwa mipangilio yake ya kawaida huacha kutumia mikunjo ya aina ya hinji (mistari inayovunjika ghafla kufuata data), na hilo ni jema, kwa sababu mikunjo hiyo hukariri data chache. Tabaka 19 za hali ya hewa ni nyingi mno. Zinazohusiana kwa uwiano wa zaidi ya 0.7 chagua moja, ubaki na tatu au nne.

Hiyo 0.94 isikufurahishe. Ukiweka nchi nzima, kumtenganisha nyoka wa pwani na Dodoma ni kazi rahisi, na AUC hupanda bure. Kata eneo libaki Lindi, Mtwara na majirani. Nukta za mandharinyuma, ambazo modeli hulinganisha na nukta zako, zichukue mahali nyoka wa aina nyingine walikorekodiwa, maana wakusanyaji hufuata barabara. Kisha endesha modeli ukiacha nukta moja kila mara, uone kama iliyoachwa inaangukia eneo lililotabiriwa.

Wekundu utakaobaki mbali na nukta zako usiufute haraka. Utafiti wa vinyonga wa Madagaska uliochapishwa mwaka 2003 ulifuata maeneo ya namna hiyo, ukapata spishi 7 mpya.

Huko uwandani gawa siku zako: nyingi mahali modeli ilipotoa alama za juu, lakini nyingine kwenye alama za chini, la sivyo hutajua modeli inapokosea. Nenda mvua zikiwa zimeanza, na viatu virefu vya mpira, taa na fimbo ya kugeuzia majani. Kifutu huyu hulala kimya juu ya majani makavu na hung'ata anayemkanyaga. Vibali vya utafiti vianze mapema TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Ramani ya kuwapa wanavijiji na TFS, wakala wa misitu, ionyeshe kipande cha msitu cha kulinda. Nukta kamili zifungie, kwa sababu wakamataji wa nyoka wa kuuza nao husoma ramani.