Tiketi si ugomvi wenu

Dada, umesema mumeo alinuna usiku kucha pale ukumbi wa Kenya National Theatre, Nairobi, kwa kuwa ulilipia viti vya mbele bila kumwambia. Sidhani anachukia maigizo. Kilichomuuma ni kuona ule ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yako ilhali kodi ya nyumba haijalipwa. Kaeni mtenge fungu la starehe kila mwezi, hata liwe dogo, likiisha, limeisha. Na teksi za usiku mziangalie, maana hula hela kuliko tiketi yenyewe. Onyesho la mchana mnatembea tu kutoka katikati ya jiji hadi ukumbini, Harry Thuku Road. Ila kukuita mbadhirifu mbele ya marafiki, hapo amekosea. Mwambie, lakini mkiwa wawili.