Mafaili yanasomeka na wote, mbona seva inanyimwa?

SWALI: Nimeweka kurasa za tovuti kwenye /home/juma/tovuti, seva ni Ubuntu 22.04. Mwongozo wa programu ninayotumia unasema "hakikisha mafaili yanasomeka na wote". Nimeyapa ruhusa 644 (mmiliki asome na kuandika, wengine wasome tu), na amri ya kuorodhesha, ls -l, inaonyesha -rw-r--r--, lakini Nginx, programu inayotoa kurasa kwa wageni wa tovuti, bado inarudisha 403, yaani "hairuhusiwi". Rafiki yangu anasema niweke 777 (kila mtu aruhusiwe kila kitu) kuanzia /home/juma hadi chini, yaishe. Je, ndicho mwongozo ulichomaanisha? Na folda ina ile herufi x ya nini wakati haiendeshwi kama programu?

JIBU: Sicho, na 777 achana nayo. Mafaili yako hayana kasoro. Tatizo liko juu ya hapo unapotazama.

Nginx ya Ubuntu hufungua kurasa kwa jina la mtumiaji www-data, si kwa jina lako. Ili aifikie index.html, mtumiaji huyo lazima apite mzizi (/), home, juma, kisha tovuti, na kila folda impe x. Kwa faili, x ni ruhusa ya kuliendesha. Kwa folda, ni ruhusa ya kupita kwenda kwa vilivyomo. r, ruhusa ya kusoma, kwa folda hukuonyesha orodha ya majina tu. Folda yenye r bila x itakutajia majina lakini hufungui hata faili moja. Yenye x bila r haikupi orodha, ila ukilijua jina la faili unalifungua. Miongozo mingi huiita x "kutekeleza" kote kote bila maelezo zaidi, nami naona huo ni uvivu.

Piga amri hii:

namei -l /home/juma/tovuti/index.html

Itakuonyesha ruhusa za kila ngazi. Nina hakika kubwa utakutana na mstari huu:

drwxr-x--- juma juma juma

Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya ikiwa na 750 (mmiliki kila kitu, kikundi chake kusoma na kupita, wengine hakuna). Vile vistari vitatu vya mwisho ni vya "wengine", na www-data yumo humo. Chumba kiko wazi, geti limefungwa.

Hilo neno "wote" nalo linapotosha. Mfumo haujumlishi ruhusa: mmiliki hupimwa kwa tarakimu ya kwanza peke yake, mwanakikundi kwa ya pili, waliobaki kwa ya tatu. Faili lenye 077 watu baki watalisoma, mwenye faili atanyimwa! Mwongozo ungesema hivi: mtumiaji anayeendesha seva aweze kulisoma faili na kupita folda zote zilizo juu yake.

Dawa ninayoipendelea ni kuhamishia tovuti /var/www na kuielekeza Nginx huko. Ukitaka ibaki ilipo, chmod o+x /home/juma (amri ya kubadili ruhusa, hapa ikiwapa "wengine" x) inatosha: inakuwa 751, watu wanapita bila kuona orodha. Halafu jaribu kulisoma faili kwa jina la www-data mwenyewe:

sudo -u www-data cat /home/juma/tovuti/index.html

Kama 644 uliitoa kwa chmod -R, inayoshuka hadi kila kilichomo ndani, umezivua x hata folda za ndani. Rudisha kwa chmod -R u=rwX,go=rX tovuti; hiyo X kubwa huzipa x folda, na mafaili yaliyokuwa nayo tayari.

Kuhusu 777: kufuta faili hutegemea w (ruhusa ya kuandika) na x za folda lilimo, si ruhusa za faili lenyewe. Faili la 444 ndani ya folda ya 777 linafutwa na mtumiaji yeyote wa seva hiyo. (/tmp, folda ya mafaili ya muda, imesalimika kwa ile t ya mwishoni, drwxrwxrwt, inayomzuia mtu kufuta vya mwenzake.) Zaidi ya hayo, OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kwa mipangilio yake ya kawaida hukataa ufunguo (unaotumika badala ya nenosiri) wa mtumiaji ambaye folda yake ya nyumbani inaandikika na wengine. Kama unaingia kwenye seva kwa ufunguo pekee, ukifuata ushauri wa rafiki yako kisha ukatoka, hutaweza kuingia tena.